Mkaguzi wa Meno wa Jumatatu

Sijui alizaliwa wapi wala baba yake alikuwa nani, na katika miaka tisa niliyoketi meza moja naye sikuwahi kumuuliza. Ninachokijua ni jinsi alivyokagua meno. Kila Jumatatu asubuhi, bendera ikishapanda, alipita mbele ya mistari ya watoto wa shule yetu ya msingi, kule Eastlands kati ya Makadara na Jericho, huku akisema neno moja tu: "Kenua." Na mtoto alikenua. Hata yule mkorofi aliyemtoroka Mwalimu Mkuu, mbele yake alikenua.

Watoto walimwita Mathe wa Meno, yaani Mama wa Meno, tena kwa kunong'ona. "Manze, Mathe wa Meno anakam, umepiga mswaki?" Sisi walimu tulimwita Mwalimu wa Usafi. Nami nitamwita hivyo hivyo, kwa sababu jina lake halisi lina watoto na wajukuu ambao hawajanikosea lolote.

Alikuwa mrefu, mwembamba, sweta yake ya samawati haikuwahi kukosa kifungo. Mkononi alikuwa na kitambaa cheupe ambacho alikipeleka mdomoni kila aliposema na mtu mzima. Mwanzoni nilidhani ana kifua kikuu, na kwa aibu yangu nasema kwamba kwa muhula mzima nilikuwa nikisogeza kiti changu pembeni. Alicheka kwa pua. Akiwa darasani aliwaeleza watoto mambo akiwa amegeukia ubao nusu, ukamwona sikio moja na shavu moja. Ilinichukua karibu miaka miwili kuyaona meno yake. Siku hiyo tulikuwa tunasahihisha mitihani, vumbi la chaki likamkaba, akapiga chafya kabla mkono haujafika. Yalikuwa ya kahawia iliyokolea, kama ndani ya birika la chai, na yalikuwa mafupi, yamelika mpaka karibu na fizi. Aliniona nimeona. Tukaendelea kusahihisha.

Hapo ndipo nilipoanza kumwelewa, au nilipodhani nimeanza.

Alilijua jino kuliko mtu yeyote niliyepata kukutana naye. Alilichora ubaoni kwa chaki za rangi, amelipasua katikati, mizizi miwili, mishipa myekundu na ya samawati, na lile gamba gumu la juu akiliacha jeupe pe. Akifika kwenye tundu dogo alisema, "Usipoziba ufa?" na darasa zima likaitikia, "Utajenga ukuta!" Lakini yeye mwenyewe hakuwahi kukaa kwenye kiti cha daktari wa meno maishani mwake. Mganga hajigangi. Gego likimwamkia aliliwekea karafuu, na karafuu ikishindwa aliweka pamba iliyochovywa mafuta ya taa, akaendelea kufundisha shavu limevimba, harufu ya taa ikitangulia mlangoni. Aliwahubiria watoto kuhusu peremende mpaka wakaota peremende usiku. Kisha saa nne, chai ikija, alitia vijiko sita vya sukari. Ukimtazama alisema, "Sukari ya chai ni chakula, Mwalimu. Usichanganye mambo."

Nisimcheke peke yake. Mtaa mzima ulituletea sisi walimu maswali ya afya. Mama mwenye mtoto anayeharisha, baba mwenye jino, kijana mwenye upele, wote walisema kwanza tumuulize mwalimu. Na sisi tulijua nini? Naibu wa Mwalimu Mkuu alishikilia kwamba jino la juu lina mshipa unaokwenda kwenye jicho, ukiling'oa umepofuka. Mwalimu wa michezo alifungua chupa za soda kwa magego na akauona huo ndio ushahidi wa meno mazima. Mimi mwenye cheti changu kipya nilipiga mswaki asubuhi kabla ya chai, basi, na fizi zikitoa damu niliacha wiki nzima ili zipumzike. Hakuna mmoja wetu aliyewahi kwenda kwa daktari isipokuwa kung'olewa.

Tena tulikuwa na dawa yetu wenyewe. Mwalimu wa Usafi aliokota vipande vya chaki vilivyobaki chini ya ubao kila jioni, akavitwanga pamoja na chumvi, kisha akachanganya na unga wa tofali uliochekechwa kwa kitambaa. Aliuweka kwenye mkebe wa kakao ndani ya droo. Chaki ni nyeupe, kwa hiyo hung'arisha. Ndivyo tulivyofikiri watu wazima tuliosoma. Nusu ya walimu walichovya mswaki humo, na mimi pia.

Alikuwa mpole, na hilo ndilo watu hawaamini nikiwasimulia mengine. Mtoto aliyejikojolea darasani alimfunga sweta yake kiunoni na kumtoa nje bila mwingine kujua. Wasio na mswaki aliwachongea vijiti yeye mwenyewe, akawafundisha kuvitafuna ncha mpaka zichanue. Mtoto akikosa shule siku tatu, alikwenda kwao kwa miguu, hata Mukuru kwa Reuben, akiruka mitaro na viatu vyake vilivyopigwa rangi. Lakini Jumatatu alikuwa mtu mwingine. Mwenye meno machafu alitolewa nje ya mstari, akapewa mkebe na maji, akasugua mbele ya shule nzima mpaka yeye aseme imetosha.

Nilimuuliza kwa nini. Ilikuwa mwisho wa muhula, tumebaki wawili tukiandika ripoti. Akasema akiwa na kitambaa mdomoni, "Mimi nilitolewa mstarini miaka saba. Mwalimu wetu wa bweni alinipa mchanga. Nilisugua mpaka nikahitimu, na bado nasugua." Akageuza ukurasa. "Mimi nilichelewa, uchafu ulikuwa umeshashika. Hawa bado wadogo. Nikiwakazia sasa, hawatakuja kuficha midomo yao."

Basi huo ndio uliokuwa ukali wake. Alidhani anawaokoa.

Hapa lazima niseme jambo langu, maana bila hilo hadithi hii inakuwa ya kumsema mtu asiyeweza kujibu. Mimi nilijua. Kwetu watu wa upande wa mtoni tulikuwa na meno meupe, na waliokulia upande wa visima vya chumvi walikuwa na meno ya kahawia, wasafi kwa wachafu, tajiri kwa maskini. Shangazi zangu wawili walioolewa huko waliondoka na meno meupe na hawakubadilika, lakini watoto wao wote walitoka kahawia. Hata hapakuwa na matusi ndani yake. Walisema tu, "Huyu amekunywa kisima," kama vile unavyosema huyu ni mrefu. Nilijua hivyo siku ya chafya, nikajua tena siku ya ripoti. Lakini ungeanzaje? Alikuwa mkubwa kuliko mama yangu. Umwambie mama yako habari za mdomo wake? Nikajiambia si kazi yangu.

Kisha mwezi wa Januari akaja yule msichana.

Aliingia darasa la nne, darasa langu, kutoka sehemu kavu za mashariki. Baba yake alikuwa mchonga vinyago kwenye karakana moja upande wa Pumwani, naye ndiye aliyemleta, mikono yake imejaa vumbi la mbao. Msichana alikuwa na sauti kubwa kuliko mwili. Nikimwita asome, darasa la jirani lilisikia. Alipenda kusoma, akisimama kabla sijamaliza kutaja jina lake. Na meno yake ya mbele yalikuwa ya kahawia, makubwa, mazima, yenye nguvu. Ningeapa hayakuwa na tundu hata moja.

Jumatatu ya kwanza Mwalimu wa Usafi alisimama mbele yake muda mrefu kuliko kawaida. "Kenua tena," akasema. Kisha, "Wewe, toka."

Jumatatu nne alitolewa. Jumatatu nne alisugua kwa mkebe ule mpaka povu likawa la waridi. Kufikia ya tatu alikuwa amejifunza kuweka mkono mdomoni, na nikimwita asome alisimama polepole, akaisoma sentensi ndani ya kiganja. Nilimwambia, "Toa mkono tusikie." Ndivyo nilivyomsaidia mimi, kwa kumwambia atoe mkono.

Baba aliitwa. Alikaa ukingoni mwa kiti katika chumba cha walimu, kofia magotini, mimi nikiwa pale pale kwenye meza yetu.

"Baba," Mwalimu wa Usafi akasema, "mtoto wako hapigi mswaki."

"Anapiga, Mwalimu. Mimi mwenyewe naona. Lakini hii meno yetu iko hivyo. Hata mama yangu yuko hivyo. Ni ile maji ya kisima ya kwetu."

"Maji hayana rangi, Baba."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Ukiwa na mbao yenye doa, unaiuza hivyo hivyo?"

"Hapana. Napiga msasa."

"Basi na mtoto ni hivyo hivyo. Ni kazi ya kuvumilia. Usichoke mapema."

Mzee yule aliizungusha kofia yake. Kisha akanigeukia mimi. Nakumbuka macho yake yalivyokuwa mekundu kwa vumbi. "Na wewe Mwalimu wa darasa, unasemaje?"

Alikuwa ananiomba. Mtu mzima, mwenye kujua kile alichokijua, alikuwa anamwomba kijana mwenye cheti amwambie kwamba hajakosea. Neno moja lilitosha. Nami nikasema, "Fanya vile Mwalimu amekuambia, Mzee."

Baada ya majuma mawili msichana alisimama mstarini, akakenua kabla hajaambiwa. Meno manne ya mbele ya juu yalikuwa meupe. Hayakung'aa, yalikuwa meupe ya chokaa, lakini meupe. Mwalimu wa Usafi alimshika bega, akampandisha kwenye ngazi mbele ya shule yote. Akampa mswaki mpya na penseli mbili. Watoto walipiga makofi, na msichana akacheka kwa sauti yake ile ya zamani, mdomo wazi. Tulipoingia ndani Mwalimu aliketi, akajifuta macho. "Umeona?" akaniambia. "Kumbe inawezekana. Kumbe inawezekana kabisa." Wiki ile yote alikuja fizi zimevimba. Alikuwa ameanza upya kusugua meno yake mwenyewe, katika umri ule.

Wakati huo ndipo maziwa ya bure ya shule yalikuwa yameanza kuletwa, yale ya pakiti za pembetatu, ya baridi. Watoto walikuwa wakiyapigania. Siku moja nikamwona msichana ameiweka pakiti yake juani kwenye dirisha, anailinda. Nilidhani anampelekea mdogo wake.

"Mbona hunywi?"

"Yakiwa baridi siwezi, Mwalimu."

"Yanauma?"

"Hata upepo unauma." Akafunga mdomo haraka, kama mtu aliyesema siri ya nyumbani.

Mwezi haukuisha, jino moja likakatika kwenye kipande cha mkate. Wiki iliyofuata mdomo wa juu ulivimba mpaka puani. Tulimpeleka sisi wawili kwa daktari wa meno, Mwalimu wa Usafi na mimi, yeye akimshika mkono njia nzima. Na mama yule aliyefundisha meno miaka yote ile, alisimama mlangoni asiingie. Ilibidi msichana ndiye amvute ndani.

Daktari alikuwa kijana. Alitazama mara moja tu, akauliza, "Nani amefanya hivi?"

"Baba," msichana akasema. "Alinilaza kwenye benchi akapiga na msasa. Ule laini, si ule wa kwanza. Jioni tatu." Kisha, kwa haraka, ili baba yake asilaumiwe, "Mwalimu alimwambia."

Daktari alitueleza taratibu, bila kutukana, na afadhali angetukana. Rangi ile ni ya maji. Huingia wakati jino bado liko ndani ya ufizi, mtoto akiwa mdogo. Si uchafu. Hakuna kusugua kunakoitoa bila kulitoa gamba la jino lenyewe, na gamba likishaondoka halioti tena. Sasa usaha ulikuwa umefika mfupani.

Mwalimu wa Usafi alishusha kitambaa. Mbele yangu, mbele ya mtoto, alikenua. "Na haya yangu?"

Daktari aliinama akatazama. "Hayo pia ni maji, mama. Ulikunywa maji ya wapi ukiwa mdogo?"

Alikaa kwenye kiti cha wagonjwa kilichokuwa kando ya ukuta na akawa anatikisa kichwa tu. Miaka arobaini ya mchanga na tofali. Nilitaka sakafu ipasuke initie ndani, kwa maana kati ya watu wote waliokuwa kwenye chumba kile, ni mimi peke yangu ambaye sikuwa nimesikia jambo jipya.

Waling'oa mawili siku hiyo na mawili baada ya majuma mawili. Mara zote Mwalimu ndiye aliyemshika kichwa. Msichana hakulia mara ya pili, na hilo lilituvunja zaidi. Muhula ulipokwisha baba alikuja kumchukua, ampeleke kwa nyanya yake kijijini. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, akamwambia Mwalimu wa Usafi, "Nisamehe, Mwalimu. Nafikiri nilipiga sana." Alikuwa anaomba msamaha yeye. Mimi niliinamia rejista nikijifanya naandika majina.

Ukaguzi wa Jumatatu ulikwisha hapo. Mwalimu Mkuu alimuuliza, akamwambia tafuta mwingine, na mwingine hakupatikana. Watoto walifurahi siku mbili tatu, kisha wakaanza kunijia mimi: "Ticha, Mathe wa Meno ni mgonjwa?" Alifundisha hivyo hivyo mpaka akastaafu, hesabu na Kiswahili tu. Jino hakulichora tena ubaoni.

Nilikutana naye mara ya mwisho Kayole, mwisho wa miaka ya themanini. Alikuwa akiishi na mwanawe katika nyumba za kupanga karibu na Spine Road, orofa ya pili. Nilimkuta kwenye roshani anachambua maharagwe. Mdomo ulikuwa umeingia ndani, hapakuwa na jino hata moja, na alisema nami waziwazi bila kuuficha.

"Mwanangu anataka kunitengenezea meno," akasema. "Nimemwambia jino la pembe si dawa ya pengo. Kaa, Mwalimu. Umenenepa."

Tukazungumza habari za shule, nani kafa, nani kahamishwa. Kisha akaacha maharagwe.

"Nilimtafuta yule mtoto. Nikampata."

Sikuuliza mtoto yupi.

"Anauza vitambaa Eastleigh, kwenye duka la jumla la familia moja ya Kiislamu. Wanampenda, wamemwachia funguo. Lakini anasema na wateja hivi." Akabana midomo kunionyesha. "Nilipiga magoti pale, mbele ya watu."

"Akasema nini?"

"Aliniinua. Hakusema nimekusamehe. Alisema, 'Mwalimu, amka, wateja wanapita.' Akaniletea kiti na chai. Halafu akauliza habari zako."

"Zangu?"

"Alisema baba yake, kabla hajafa, alikuwa akisema, 'Lakini yule kijana nilimuuliza.' Kila mara hivyo. Sasa akataka kujua, yule mwalimu wa darasa alikuwa anajua?" Akanitazama. "Nikamwambia mimi sifahamu. Ulikuwa unajua, Mwalimu?"

Chini yetu mtu alikuwa akipiga nguo kwenye jiwe. Nilifikiria kusema hapana. Nilikuwa nimeshaiandaa.

"Nilijua," nikasema.

Nilitarajia ukali wa Jumatatu, na ningeupokea kwa mikono miwili. Hakuwa nao. Aliuliza tu, kwa sauti ya mtu anayetaka kuelewa somo, "Mbona hukuniambia?"

"Nilikuogopa."

"Mimi?" Akarudia, "Mimi?" Akaanza tena kuchambua maharagwe. Kisha akanielekeza njia ya duka lile, taratibu, kama unavyomwelekeza mtoto wa darasa la kwanza: barabara ipi, jengo lipi, mlango wa tatu baada ya fundi wa saa, ngazi za kulia. Siku zote liko wazi, akasema, ila Ijumaa saa saba wenyewe huenda msikitini, hufunga. Usiende saa hiyo. "Mimi nilishaenda," akasema. "Safari iliyobaki ni yako."

Alifariki kabla ya mvua za mwaka ule. Mwanawe alinikuta mazishini, akaniambia kuwa mama aliulizia mara nyingi kama yule mwalimu amefika Eastleigh. Nikamwambia nimefika. Sikudanganya. Nimefika mara tatu, nimepanda ngazi za kulia, nimesimama mbele ya mlango ule. Mara zote tatu ilikuwa Ijumaa, saa saba mchana.